Maji Ambayo Hayakutoka Mbinguni

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, mkanilisha pilau, kisha akasimama mmoja wenu kusoma sifa zangu. Zilikuwa nyingi, za aina anayosomewa mtu anapostaafu au anapokufa. Mwisho akasema, "Profesa hajapata kuandika namba ambayo hakuiona kwa macho yake." Mkapiga makofi. Nami nikapiga, kwa sababu mikono yangu ilikuwa mitupu na sikujua niifanyie nini.

Ile pilau ilinikaa kifuani siku tatu. Mke wangu alisema ni mafuta. Hayakuwa mafuta.

Mliniomba niwaandikie kitu kuhusu kazi yetu hii ya utafiti unaogusa usalama wa nchi, na hasa jinsi ya kuiongoza. Nimeandika mara nne na mara nne nimechana, maana kila nikijisoma najikuta nimetoka mzuri. Hii ya tano naianzia mahali nilipokuwa mbaya: Raskazone, Tanga, katikati ya miaka ya hamsini, kwenye bustani ya nyumba ya serikali inayotazama bahari, mbele ya faneli la shaba.

Faneli lilikuwa pana kama ungo, limesimama juu ya miguu mitatu katikati ya majani, mbali na mti wowote na paa lolote. Chini yake palikuwa na chupa kubwa ya kioo yenye mistari ya kipimo. Mvua ikinyesha, maji yalishuka chupani bila kugusa kitu kingine hapa duniani. Kila siku saa tatu asubuhi nilipima kina na kukiandika daftarini. Kila Jumamosi chupa ilitolewa, ikafungwa kwa nta, ikabandikwa karatasi ya tarehe, ikapelekwa Ulaya kwa ndege. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, mimi niliyerudi kutoka chuo kikuu cha ng'ambo ya Ziwa na digrii, tai mbili, na maringo ya kuwatosha watu sita.

Mkuu wetu alikuwa Mwingereza mrefu, mkimya, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Faneli. Nilipomuuliza tunatafuta nini ndani ya maji yale, alisema, "Hali ya hewa." Nikamuuliza mbona basi kabati la daftari lina kufuli mbili. Akafikiri kidogo, akasema, "Hali ya hewa nyeti." Miaka mingi baadaye, nami nikiwa na kabati langu lenye kufuli mbili, nilikuja kuelewa. Zilikuwa zama za majaribio ya mabomu makubwa ya nyuklia, na wakubwa walitaka kujua vumbi lake linaangukia wapi. Wakati ule sikujua. Nilijua tu kwamba maji ni siri, na siri ilinipendeza kama tai ya tatu.

Mlinzi wa kituo aliitwa Hoza. Alikuwa Mzigua wa Mwera, ng'ambo ya Mto Pangani, mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye sauti ya kukemea hata anaposalimia. Kazi yake ilikuwa kufukuza mbuzi na kunguru na kuokota majani yaliyopeperukia kwenye faneli. Hakujua kusoma barua, lakini ndiye aliyenifundisha kusoma kipimo. Wiki ya kwanza nilisimama wima, nikainamisha kichwa, nikaandika.

"Mwalimu," aliniambia. Aliniita mwalimu kwa ajili ya tai. "Mbona wayasoma maji kama mtu achunguliaye kisima? Piga magoti."

"Nitachafua suruali."

"Suruali itafuliwa. Maji ukishayaandika vibaya, yatafuliwa na nani?"

Nikapiga magoti. Tazameni, wanangu, na hili mlishike: maji ndani ya kioo hujikunja pembeni kama mkeka mpya. Usisome pembe zake, soma tumbo. Jicho lako liwe sawa na tumbo la maji, si juu wala chini. Nilikwisha kulisoma hilo kitabuni, tena kwa Kiingereza, lakini kitabu hakikunipigisha magoti.

Lile la namba nisiyoiona nalo ni lake. Nilipata homa siku mbili, nikarudi, nikataka kujaza siku zile kwa kukisia. Hoza alikuwa ananichungulia begani.

"Ulikuwapo?"

"Sikuwapo."

"Basi acha wazi. Nafasi wazi si aibu. Yasema tu kuwa mtu alikuwa mgonjwa."

Sentensi mliyonisifia nayo siku ile niliichukua kwa mlinzi wa mbuzi. Hata hivyo niliisema vizuri sana kwa miaka thelathini. Wako kati yenu waliokuwapo nilipomsimamisha kazi mtafiti mmoja kwa sababu alijibunia kina cha maji ya bandari siku ambayo hakwenda bandarini. Nilimpa hotuba ya nusu saa. Alilia. Nikaenda nyumbani nikala vizuri.

Mtu wa tatu pale kituoni alikuwa Salehe, mpishi wa Bwana Faneli, mtu wa Kigombe, mnene, mcheshi, rafiki wa kufa na kuzikana wa Hoza. Kila asubuhi alipita bustanini na kikapu chake na kila asubuhi alisema neno lile lile.

"Hoza! Nipe kikombe kimoja tu. Chai ya maji ya mvua, ukiionja utamsahau mkeo."

"Isogelee chupa yangu, Salehe, nikupike weye."

"Utanipika kwa maji gani, nawe wayanyima?"

Wakacheka kama ndiyo kwanza wayasikie. Ushikeni mzaha huo, maana uliwagharimu.

Sasa nije kwa mama yangu. Alikaa Ngamiani, kwenye nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, na mwaka ule wakati wa kiangazi aliingiwa na homa isiyotoka. Hospitali walimpa vidonge, wakambadilishia vidonge. Akakonda mpaka bangili zikawa zinamtoka mkononi. Ndipo mjomba wangu, kaka yake mama, mwalimu wa chuo cha Kurani, akaja na sahani nyeupe na zafarani. Kwa msiolelewa pwani: aya huandikwa kwa wino wa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Huitwa kombe.

Lazima niseme kwamba mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimesimama kwenye klabu ya vijana wa Ngamiani, na tai, nikatoa mhadhara dhidi ya kombe. Nilisema kunywa maandishi ni sawa na kumeza barua ukadhani umeisoma. Watu walicheka sana. Mjomba alikuwa amekaa mstari wa pili.

Kwa hiyo mjomba hakuniomba mimi. Alimwambia mama, nami nimesimama mlangoni: "Dada, kombe lako lataka maji ya mvua. Yasiwe yamegusa paa wala ardhi. Na kiangazi hiki n'tayapata wapi?"

Mama alinigeukia. Alinitazama tu. Halafu akafumba macho, kama mtu aliyekwisha kujua jibu na hataki kumtia mwanawe aibu.

Wiki ile ilikuwa imenyesha mvua moja fupi, ya kupotea njia. Chupani yalikuwamo maji ya vikombe vinne hivi. Mji mzima wa Tanga haukuwa na maji mengine ya sifa ile.

Ijumaa, yapata saa tano, nilimwambia Hoza, "Leo nenda mapema msikitini. Mimi nipo."

"Na Bwana?"

"Amekwenda forodhani, hatarudi kabla ya saa tisa. Nenda tu. Mimi nipo."

Aliniombea dua, akaenda kuoga. Alipotoka na kanzu yake, nilisubiri mpaka nikasikia adhana. Salehe alikuwa jikoni akipiga pasi. Nikaichomoa chupa, nikamimina maji yote kwenye chupa ya sharubati niliyoificha mfukoni mwa koti. Kisha nikaenda kisimani nyuma ya nyumba, nikachota ndoo, nikaijaza chupa ya kioo mpaka pale pale yalipokuwa. Nilipiga magoti. Niliweka jicho sawa na tumbo la maji. Nikaongeza tone, nikapunguza tone. Wanangu, sijapata kusoma kipimo kwa uangalifu kama siku ile.

Mama alikunywa kombe jioni, na kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne aliomba uji. Siku ya kumi alikuwa barazani akisuka ukili na kuwaambia wapita njia, "Mwanangu kaniletea maji kutoka kazini." Msiniulize kilichomponya. Nilikuwa na mgonjwa mmoja na sikuwa na wa kulinganisha naye, na vidonge vya hospitali navyo alikuwa akivimeza. Hilo ni swali la kisayansi na liko wazi hadi leo. Swali lisilo wazi ni lile jingine.

Barua ilikuja baada ya wiki sita. Bwana Faneli alinisomea mstari mmoja. Huko Ulaya walikuta chumvi na chokaa. Waliandika: Maji haya hayakutoka mbinguni.

Nilikuwa mtu wa sayansi, na sikukumbuka kwamba kisima kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe na maji yake yana chokaa hata birika huota ukoko. Yeyote aliyewahi kuchemsha chai Raskazone angejua. Salehe angejua.

Lau ingekuwa hali ya hewa kweli, yangekwisha kwa karipio. Lakini ilikuwa ile hali ya hewa yenye kufuli mbili. Akaja afisa wa usalama kutoka Dar es Salaam, suti nyeupe, kalamu ya dhahabu. Alitaka kujua nani aliyechezea chupa na kwa faida ya nani. Walipekua chumba cha Hoza, wakakuta kadi ya chama cha kudai uhuru, kama walivyokuwa nayo watu wengi wakati ule. Hoza hakuificha. Ilikuwa imebandikwa ukutani kwa gundi ya unga, karibu na picha ya mashine ya cherehani.

Tuliitwa sebuleni, Hoza amesimama, mimi nimepewa kiti. Afisa aliniuliza, "Katika juma hilo, kulikuwa na wakati wowote mlinzi hakuwepo kituoni?"

Hapo ndipo mahali penyewe. Ningesema, Nilimruhusu mimi. Ningesema, Niliyachukua mimi, kwa ajili ya mama. Bwana Faneli alikuwa na mama, alimwandikia kila Jumapili, na naamini angenisamehe. Sikuogopa kufukuzwa tu. Niliogopa ijulikane kwamba msomi wa mhadhara ule, mwenye digrii na tai, ameiba maji ya utafiti kwa ajili ya kombe. Niliogopa klabu ya Ngamiani kucheka upande wa pili.

Nikasema, "Ijumaa aliondoka mapema kwenda kusali."

Angalieni, hakuna uongo ndani yake hata neno moja. Nimewafundisha wengi wenu kwamba takwimu ya kweli yaweza kudanganya. Nilijifunza siku ile, kutoka kwangu mwenyewe.

Hoza alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenziwe amalizie sentensi. Mimi nikalitazama zulia.

"Mwalimu," alisema polepole, "si ulisema weye upo?"

Afisa akauliza kasema nini. Mkalimani nilikuwa mimi. Nikatafsiri, "Anasema alidhani nipo."

Kisha nikaombwa niyaandike, nikayaandika kwa Kiingereza safi, nikatia sahihi. Niliandika kwamba mlinzi aliacha zamu bila idhini na kwamba, kwa kutojua kusoma, hawezi kutambua uzito wa kazi ya kisayansi. Sentensi hiyo ya mwisho hakuna aliyeniomba. Niliiongeza kwa sababu ilikuwa na mdundo mzuri.

Hoza alifukuzwa kazi na kutolewa chumbani siku hiyo hiyo. Barua ya kumtangaza kuwa mtu asiyeaminika ilitangulia kwao, ikasomwa barazani kwa jumbe wa Mwera mbele ya wakwe zake. Nami Bwana Faneli alinisifia taarifa yangu. Mwaka uliofuata ndiye aliyeniandikia barua ya kwenda kusoma zaidi ng'ambo, akanisifu kwa uaminifu na kwa umahiri wa kuripoti. Vyeo vyote mlivyovitaja mkiniaga, vikwangueni: chini kabisa mtaikuta karatasi ile.

Basi mwezi mmoja baada ya pilau yenu nilitia petroli kwenye Pijo yangu kuukuu nikaenda Mwera. Nilivuka Pangani kwa pantoni, moyo wangu ukitumaini kwa siri kwamba nitaambiwa Hoza alikwisha kufa. Nayaandika haya ili mjue kwamba mtu wa miaka hamsini na mitano, profesa, aweza kwenda kutubu huku akiomba asimkute mwenyewe.

Alikuwapo. Alikuwa uani akipalia mihogo, mwembamba vile vile, kichwa chote cheupe. Na katikati ya ua, mbali na mnazi wowote na paa lolote, kulikuwa na kopo la samli juu ya mafiga matatu.

"Shikamoo, Mzee Hoza."

"Marahaba. Nani mwenzangu?" Akanisogelea, akanikodolea macho. "Ah. Mwalimu. Tai iko wapi?"

Alinionyesha kopo. Tangu mwaka ule aliporudi hakuwahi kuacha kupima mvua. Binti yake alimwandikia, kisha mjukuu, daftari juu ya daftari, nyingine zimeliwa na mchwa. Nilifungua moja. Kila baada ya kurasa kadhaa palikuwa na nafasi wazi, na pembeni kwa mwandiko wa kitoto: msibani. Mgonjwa. Msibani.

"Hakuna azitakaye," alisema. "Nimezoea tu."

Nikamwambia. Nilimwambia wima, kwa sababu magoti hayakukubali, kisha yakakubali, nikawa chini kwenye mchanga na suruali yangu ya kustaafia. Nilimwambia sharubati, ndoo, kisima, kombe, vyote.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa laana na kwa msamaha, na nilikuwa na jibu kwa kila kimoja. Hoza akauliza, "Si Salehe?"

"Salehe hakufanya kitu."

"Si yeye aliyekunywa chai?"

"Hapana, mzee."

Akaliweka jembe chini. "Miaka yote hii," alisema, "nimemdhania Salehe. Weye nilijua u mwoga tu. Yeye nilimdhania mwizi. Alinijia mara mbili hapa, avuka mto kuja kunijulia hali. Mara ya pili ilikuwa mkewe alipofariki. Nilimwambia mke wangu amwambie sipo." Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa kanzu. "Yu hai?"

"Sijui."

"Gari yako yafika Kigombe?"

Tukavuka tena mto kwa pantoni. Kigombe tukaelekezwa nyumba ya karibu na pwani, ambako mwanamke alikuwa anageuza dagaa juani. Salehe alikuwa barazani kwenye kiti cha kamba, unene wote umemwisha, jicho moja limeingia ukungu. Hoza aliteremka kabla sijazima gari. Alisimama mbele yake, akavua kofia.

"Salehe, nimekukosea. Nilikudhania."

"Nani huyo?"

"Hoza."

Salehe aligeuza jicho lake zima kuelekea sauti. Kisha akasema, "Kha! Miye nilidhani umekufa. Ulinidhania nini?"

"Kuwa ulikunywa maji ya chupa."

"Kumbe ndiyo sababu?" Akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia kikohozi, na kikohozi kikawa kitu kingine, akajifuta kwa upindo wa shuka. "Miaka yote! Nami hata kuyaonja sikuyaonja! Ningalijua ningaliyanywa, niadhibiwe kwa haki."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Keti. Nani basi aliyeyachukua?"

Nilikuwa bado ndani ya gari, mikono kwenye usukani. Nilimsikia, maana vioo vilikuwa wazi. Nilimwona Hoza anageuka. Alinitazama vile vile kama siku ile sebuleni, kama mtu anayengoja mwenziwe amalizie sentensi, na safari hii hapakuwa na zulia.

Nikashuka. Yule mwanamke aliacha dagaa wake akasikiliza, na jirani mmoja, na nadhani na jirani wa pili. Nikasema, na sasa nayaandika kwenu pia, muyaweke kwenye faili pamoja na zile sifa, karatasi juu ya karatasi:

Hoza wa Mwera hakuacha zamu. Nilimruhusu mimi. Salehe wa Kigombe hakugusa chupa. Maji niliyachukua mimi, na yale yaliyowekwa badala yake niliyapima kwa jicho langu mwenyewe.